Siku Kilo Alipopimwa

Wakati ule wa vita, watu wa bunduki walipozifunga njia zote za kutoka mji wa Bunia, palikuwa na benchi moja pale mtaa wa Rwambuzi iliyosafiri kila alasiri. Ilikuwa ubao mrefu juu ya mapipa mawili yaliyokaribiana mno, mbele ya nyumba ya mama Dorothée, muuza kahawa. Ukiinuka ghafla kwenye ncha moja, mwenzako wa ncha ya pili anakwenda chini na kikombe chake. Basi sheria ilikuwa hii: anayeinuka anatangaza kwanza, "Natoka!", na wa katikati anasogea upesi kushika nafasi yake. Wageni walijifunza sheria hiyo kwa makalio.

Nchani alikaa muzee Mbuyi, mwalimu wa jiografia ambaye shule yake haikuwa tena hata na mlango; walimwita Kontrole, kama wale wanaoongoza ndege kutoka mnarani. Katikati alikaa Delphin, fundi wa redio, mdomo kama kanisa la siku ya harusi. Jina lake la benchini lilikuwa Boeing. Ncha ya pili ilikuwa ya Katsuva, na huyo walimwita Kilo, kwani zamani, klabu ya ndege ndogo ilipokuwa hai, yeye ndiye aliyempima kila msafiri pamoja na kapu lake juu ya mizani ya kahawa kabla hajapanda.

Siku hiyo Kilo alikuwa na neno kooni. Asubuhi alikuwa ameambiwa kwamba amepata nafasi katika ndege ndogo ya misheni, inayoondoka kesho kwenda Entebbe. Mke wake Charlotte na watoto walikuwa huko ng'ambo ya ziwa tangu mapigano ya kwanza. Alikuja kuaga. Lakini kila alipofungua kinywa, wenzake walikuwa wameshapaa kwa maneno.

— Tuanze, Kontrole alisema. Klabu inaenda inje. Avioni tatu. Nani anakaa mbele?

— Miye, Boeing akajibu. Mwenye kujua njia anakaa mbele.

— Weye? Ata njia ya Irumu ilikushinda!

— Irumu ni kwa miguu, muzee. Kule juu hakuna kona.

Wakacheka, na Kilo akacheka nao, maana mchezo ulikuwa mtamu, tena yeye aliijua klabu yenyewe. Aliwakumbuka akina bwana Nicolas, mfanyabiashara wa kahawa, wakiondoka Jumamosi asubuhi na miwani yao myeusi. Alikumbuka hasa Jumapili jioni: ndege zinarudi, zinazunguka mara moja juu ya nyumba, watoto wanakimbia wakipiga kelele, na wanawake wanajua sasa ni wakati wa kusonga bugali. Ee, Bunia ilikuwa Bunia! Kilo aliwapima wote, na yeye mwenyewe hakupanda hata siku moja. "Safari ijayo, Kilo, na weye unapanda," Nicolas alimwahidi. Kisha vita ikaingia, Nicolas akaenda zake, na ile safari ijayo ikahamia kwenye benchi.

— Tunakunywa chai Kasese, Boeing alikuwa akisema, kisha tunapiga moja kwa moja mupaka Mombasa.

— Na petroli? Kontrole aliuliza.

— Tunafunga kamba! Avioni ya kwanza inavuta zile mbili. Petroli ya moja inatosha.

— Mungu wangu! Na kule juu ya Bule, wakitupiga masasi?

— Tunakalisha mama-mukwe yangu ku dirisha. Ule mama, ata mwenye bunduki akimuona atatupa bunduki.

— Basi na miye napanda, Dorothée alisema toka jikoni. Miye na birika yangu.

— Panda, mama! Rwambuzi yote ipande! Na ngombe zipande! Kontrole alipaza sauti, yeye mwalimu mzima. Kilo, piga hesabu. Kilo zinatosha?

Kilo alikuwa akitazama juu, kule ndege zilikozungukia zamani.

— Kilo! Uko na malaria?

— Hapana.

Hapo mwanamke aliyekuwa akipita na bidoni ya maji akasimama. Alikuwa Mireille, aliyekimbia kutoka Bule na watoto wake juzijuzi tu, na Dorothée alikuwa amempa pa kulala.

— Munisamehe, baba zangu. Na kurudia? Mutarudia siku gani?

Kontrole alitazama ndani ya kikombe. Safari zote zile walizozipanga, na hakuna aliyewahi kupanga kurudi.

— Nauliza tu, Mireille alisema. Miye niliacha maharagi ku moto. Nilizania tutarudia magaribi.

Akajitwika bidoni yake, akapita ndani. Moyo wa Kilo ulimuuma kweli.

— Minaenda kesho, alisema.

— Wapi? Boeing aliuliza.

— Entebbe. Kwa Charlotte. Na avioni ya misheni.

Boeing, ambaye kila siku alikuwa rubani, aliuliza kwa sauti ndogo:

— Avioni ya kweli?

— Ya kweli.

— Utakaa mbele ao nyuma?

— Sijuwi. Watanipima kwanza.

— Kilo! Boeing akaruka nusura awamwage wote. Watakupima weye!

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakwisha. Dorothée alimimina kahawa ya mwisho yote katika kikombe cha Kilo, akasema amsalimie Charlotte, amwambie kwamba shamba lake la nyanya yeye Dorothée analipalilia.

— Na unarudia siku gani? Kontrole aliuliza taratibu.

Kilo alikunywa mpaka kwenye masimbi ya chini.

— Dimanche. Kama klabu.

Hakuna aliyeuliza Jumapili gani. Akaweka kikombe chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

— Natoka, alisema.

Akainuka. Boeing hakusogea. Ubao ukainama upande wa Kontrole, muzee akakaza miguu yote miwili ardhini, mishipa ikamtoka shingoni, kahawa ikammwagikia gotini.

— Sogea, Boeing! Dorothée alipiga kelele. Utamuvunja muzee!

— Acha, mama, Kontrole alisema. Ile nafasi iko na mutu. Enda, Kilo. Miye nimeshika.