Konokono wa Chumba Namba Tisa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wagonjwa wa Chumba Namba Tisa mliofika hapa kwa fimbo, kwa viti vya magurudumu na kwa kuegemea mabega ya watoto wenu, familia inaomba utulivu wenu ili isomwe safari ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Daktari Konokono, na ambaye nyumbani alikuwa Mama tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi saa na mfuaji wa mashuka ya hospitali, katika vyumba viwili nyuma ya duka la saa, ambako alijifunza mapema kukaa kimya kando ya meza ya kazi, kwa maana baba yake akishika kibano hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na sekondari ya wasichana kuanzia 1967 hadi 1972, akaingia chuo cha udaktari mwaka 1973 na kuhitimu mwaka 1979, na baba yake alipomuuliza kwa nini hakutaka kurithi duka, alimjibu kwamba ameona saa nyingine, imo ndani ya kichwa cha mtu, nayo mafundi wake ni wachache mno.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 na fundi cherehani, ambaye alikutana naye siku alipompelekea koti jeupe lipunguzwe mikono, fundi akamtazama juu hadi chini akasema, "Dada, koti hili linamsubiri daktari mwingine," akalipima mara tatu, na koti likakaa dukani wiki nzima bila sababu yoyote ya kitaalamu. Mungu aliwajalia watoto watatu, mwalimu, fundi umeme na muuguzi, na baadaye wajukuu watano.

Baada ya kubobea katika magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu kati ya mwaka 1985 na 1989, alikabidhiwa Januari 1990 chumba cha mwisho cha korido, namba tisa, chenye dirisha lisilofungika na meza yenye mguu mmoja mfupi, na humo alifanya kazi miaka ishirini na minne. Wazazi waliomficha nyumbani mtoto mwenye kifafa aliwaambia bila kupaza sauti, "Kifafa hakiambukizi, kinachoambukiza ni hii aibu yenu," na madaktari vijana waliokimbilia picha za mashine aliwarudisha kitini, akitaka kwanza wamtazame mgonjwa anavyofunga kifungo, anavyoinuka, anavyogeuka mlangoni. Naye kila mgonjwa wa kutetemeka alimpa karatasi na penseli, akachora yeye kwanza, sehemu ya juu ya karatasi, konokono wa mfano, mstari mmoja unaoanza katikati na kuzunguka kwenda nje, kisha mgonjwa akachora wake chini, na karatasi zote, ziara kwa ziara, zikahifadhiwa ili ionekane kama dawa inasaidia au inadanganya. Wapo waliolalamika, "Daktari, hata leo konokono?" naye akawajibu, "Hata leo, maana wewe unaweza kunificha kitu, yeye hawezi."

Jumanne tarehe 11 Agosti 2009, muuguzi mkuu, tunayemwita Sista Saa Moja kwa kuwa hajawahi kufika kazini saa moja na dakika moja, alipanga mezani karatasi za mgonjwa mmoja za miaka kumi na minane, akamwita, "Daktari, nisamehe, hawa wa chini ni wa mgonjwa, lakini hawa wa juu ni wa nani?" Wa juu walikuwa wa marehemu mwenyewe, nao walikuwa wamesinyaa mwaka hadi mwaka, wa mwisho akitosha kufunikwa na kidole gumba. Miaka yote hiyo, kwenye karatasi ileile, bingwa alikuwa amesoma nusu ya chini tu. Alivua miwani, akazitazama kwa muda mrefu, akasema, "Nami nilidhani nabana matumizi ya karatasi."

Aliyempima alikuwa mwanafunzi wake, daktari anayeitwa Mrefu, ambaye alisogeza kiti, akampa penseli, akamwambia kwa aibu, "Mama, tuanze na konokono," na majibu yakathibitisha ugonjwa wa Parkinson, ule unaofanya mwandiko usinyae na mikono itetemeke. Marehemu alilia siku moja, nyumbani, mumewe akiwa ameshika mkono wake wa kulia, kisha akarudi kazini, na yeye na Mrefu wakapima kwa rula konokono wake 2,316, wakagundua kwamba walianza kupungua mwaka 2003, miaka sita kabla ya kidole chake chochote kutetemeka. Alipolieleza jambo hilo katika mkutano wa madaktari mwaka 2013, profesa mmoja alisimama akasema kwamba mtu mmoja si utafiti, naye akajibu, "Kweli kabisa, mwenzangu, ndiyo maana nauliza, karatasi zenu za mfano mlizitupa wapi?" Ukumbi ulicheka, lakini marehemu hakuwa anachekesha. Alisema mtafiti humpata mgonjwa akiwa tayari anaumwa, na humpoteza anaposhindwa kufika kliniki, hivyo hakuna mwenye mstari mzima wa ugonjwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Wake angeuacha mzima, na tangu alipostaafu mwaka 2014 alichora konokono mmoja kila Jumatatu asubuhi, pasiwe na pengo.

Kuanzia mwaka 2021 alianguka mara kwa mara, sauti ikapungua, kula kukawa kazi, lakini Jumatatu ikabaki Jumatatu. Tarehe 12 Februari 2024 penseli ilimponyoka mara saba, na mumewe, aliyeiokota mara zote saba, alishindwa kuvumilia, akasubiri asinzie, akaushika mkono wake uliolala, akauzungusha yeye, akaandika tarehe. Wiki iliyofuata marehemu aliomba jalada la konokono wake, akaitazama karatasi ile, akamwambia mumewe kwa sauti iliyobaki, "Baba Mwalimu, huyu si wangu. Huyu ana mkono wa fundi cherehani." Mzee alilia, akasema alitaka kumsaidia, naye akamwambia, "Nisaidie kushika karatasi. Mkono niachie." Karatasi ile haikuchanwa, bali iliandikwa pembeni "mume wangu", ikabaki mahali pake, kwa kuwa marehemu alisema pengo lililokiriwa ni bora kuliko mstari ulioghushiwa.

Konokono wake wa mwisho alimchora Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, kitandani, mumewe akishika karatasi kwa mikono miwili. Hakuzunguka. Ni nukta moja, ndogo kama tundu la sindano, pale katikati ambapo konokono wote huanzia. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na jalada limekabidhiwa kwa Daktari Mrefu. Mzee ameomba jambo moja lisomwe mbele yenu wote, na hasa mbele ya madaktari, kwamba nukta ile ni ya mke wake, hakuna aliyemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Sista Saa Moja kwa jicho lake, jirani yetu seremala aliyemtengenezea ubao wa kuchorea kitandani, majirani waliomwinua kila alipoanguka, wafanyakazi wenzake, na ninyi wagonjwa, ambao aliwasoma, na mwishowe akapanga mstari pamoja nanyi.

Pumzika, Mama, mkono wako umetulia sasa. Pumzika kwa amani.