Kitako Alichokwenda Kukichukua Anis

Ndugu waombolezaji, Wadih Elias Hajjar, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika mtaa wa Hosh al-Umara, hapa Zahle, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Elias na mkewe Zahia, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Anis. Alisoma kwa watawa hadi mwaka 1966, kisha akaingia kiwandani kwa baba yake, kwenye mitambo ya kukenekea araki, pombe kali ya zabibu, kazi aliyoifanya mpaka nguvu zilipomwishia.

Mwaka 1971, katika soko la Basta, Beirut, alinunua darubini ya lenzi yenye bomba la shaba, na tangu hapo hakupona, kila aliposhuka Beirut alirudi na bomba jingine, au na vioo vya kutazamia alivyovifunga ndani ya soksi visikwaruzike, hata mama yake akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe ameoa darubini. Hata hivyo tarehe 4 Septemba 1977 alifunga ndoa na Bi Ilham katika kanisa hili hili, wakajaliwa Munir na Jumana.

Kilichomkosesha raha ni kitako cha kusimamishia darubini, kwa maana bomba refu likiwekwa juu ya miguu dhaifu ya mbao hutikisika, na nyota hucheza ndani ya kioo. Mwaka 1984 alisikia kwamba mjane mmoja wa Baalbek anauza kitako kizito cha chuma, chenye magurudumu ya meno, kinachogeuka taratibu kuifuata nyota inavyokwenda. Ilikuwa Oktoba, zabibu zimeshaiva na kuchacha, moto wa mtambo hauachwi, na wakati ule wa vita barabara ilikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki. Wadih akamwambia mdogo wake, "Nenda wewe, Anis, utarudi kabla hatujala."

Anis aliondoka asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 1984, akamwacha mkewe Nuhad, na binti yao Samia wa miaka minne, ambaye ndiye anayewasomea haya. Jioni gari lake lilikutwa kando ya barabara, milango wazi, kitako kikiwa nyuma chini ya turubai. Inasemekana waliomsimamisha walidhani ni kitako cha mzinga. Yeye hakuonekana, na hajaonekana hadi leo.

Nuhad alikiweka kitako chumbani kwake, akakifunika kwa blanketi, na hakuzungumza tena na shemeji yake. Wadih aliendelea kukusanya darubini, zikajaa ngazini, lakini hakununua kitako kingine, alizisimamisha juu ya miguu ile ile ya mbao, nyota zikatetemeka, naye akazitazama hivyo hivyo kwa miaka ishirini, na mtu akimuuliza alisema amezoea.

Asubuhi ya tarehe 8 Juni 2004, siku Zuhura ilipopita mbele ya jua, majirani walikusanyika uani kwake, sura ya jua ikiangukia kupitia darubini kwenye karatasi nyeupe, picha ikiruka huku na kule. Nuhad akaingia na wanaume wawili waliobeba kitako.

"Shemeji," alisema, "sikukusamehe. Ila Anis alitoka nyumbani kukuletea hiki. Basi leo kifike."

Wadih alikifunga mwenyewe, na jua likatulia. Nuhad alisimama mpaka kidoa kile cheusi cha Zuhura kilipotoka ukingoni mwa jua, akasema, "Nimeona," akarudi kwake bila kula. Tangu siku hiyo salamu zilirudi, mazungumzo hayakurudi.

Novemba 2018 moyo wa marehemu ulianza kushindwa, miguu ikamvimba, akalazwa mara tatu. Jumamosi iliyopita Nuhad alifika hospitalini, akaketi kitandani, akamuuliza kama amekula, naye akajibu amekula, ingawa hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi yake. Alifariki siku hiyo, tarehe 2 Februari 2019, alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Hosh al-Umara waliotupikia siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliozima mitambo ili wawe hapa, na watazama nyota waliopanda kutoka Beirut kwenye theluji.

Atalala karibu na baba yake. Upumzike kwa amani, baba mkubwa. Nafasi ya ubavuni mwako tumeiacha wazi, ni ya baba yangu.