Watoto wa Gerson Sumari

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu shikamooni, nanyi ndugu waombolezaji, poleni na msiba. Mimi ni Magreth, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma yote, hata pale nilipoambiwa niruke.

Kaka yetu Gerson Sumari alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Akheri, akasoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari mjini Arusha, akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, na mwaka 1999 akaajiriwa katika hospitali moja ya mjini Arusha kutunza kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za wagonjwa ndani ya kompyuta, ambalo likikaribia kujaa ni lazima liongezewe faili jipya, la sivyo mapokezi yote yanasimama.

Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na Tabea, wakajenga Lemara, wakachagua na majina ya watoto kabisa, maana kaka alikuwa mtu wa kujiandaa mapema. Watoto hawakuja, Tabea naye akafariki mwaka 2011, kaka akabaki na vyumba vinne na redio.

Hapa kwenye watoto ndipo nilipoambiwa niruke. Siruki ng'o! Yale mafaili wengine huyapa namba, kaka aliyapa majina, kwanza Angel, kisha Daniel, kisha Bariki, yale yale waliyochagua na Tabea, na wenzake walimtania, shikamoo baba Angel, mtoto hajambo, naye akajibu kwamba Angel ameshiba, sasa anataka mdogo wake. Sisi ndugu tumeyajua juzi, hapa msibani, kwa Huzefa aliyefanya naye kazi, na imeniuma sana, kwa kuwa ni huko tu alikoitwa baba.

Alianza kuugua figo mwezi Januari mwaka huu, akalazwa, akafariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, na siku moja kabla alimwuliza Huzefa kama Bariki bado ana nafasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lemara waliompelekea uji, na wafanyakazi wenzake. Huzefa anasema Bariki amekaribia kujaa, wiki ijayo wataongeza faili lingine, ametuomba sisi ukoo tulipatie jina. Huyo nimemhesabu kuwa mtoto wa Bariki, na kwetu mjukuu wa kiume huchukua jina la babu yake. Nimemwambia aitwe Gerson.

Pumzika kwa amani, baba Angel.