Dada Gia Anaegesha Pikapu ya Mlima

Binti yangu anastaafu! Mnaonijua mlishasikia, na msionijua sasa mmesikia. Hamjambo lakini? Mwisho wa mwezi huu Dada Gia, dereva wa Mradi wa Kuhifadhi Mlima, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mhariri wa jarida hili alitaka wasifu uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri. Nani atanishinda mimi niliyemzaa?

Mradi una wenyewe wawili, ofisi ya misitu ya serikali na kampuni ya chai, lakini gari ni moja, pikapu ya kijani. Tangu mwanzo usukani ni wa binti yangu. Kurudi nyuma konani, kwenye utelezi, korongo pembeni? Kwake ni kumenya ndizi.

Uliwahi kuzuka ugomvi. Bwana Misitu na Meneja wa Chai hawakusemeshana, kisa jina la nani litangulie kwenye kibao cha getini. Watu wazima, na tai shingoni! Huku miche ya kupandwa juu ya chemchemi inanyauka, na mvua zinaelekea kuisha. Bila miti ile mto wetu ungebaki mawe matupu.

Dada Gia akawapakia wote wawili kiti cha nyuma, kila mtu na dirisha lake. Katikati ya mlima gari likazima. Akawaomba wakubwa washuke wasukume, maana yeye dereva haachi usukani. Wakasukuma. Matope hadi kwenye masharubu! Meneja akateleza, Bwana Misitu akamdaka kwa mkanda, kifungo cha suruali kikaruka bondeni. Hapo kicheko. Walipofika juu walikuwa wanaitana shemeji, na miche ikapandwa wiki ileile. Leo ni msitu. Kibao kimeandikwa "Mlima Wetu", basi.

Gari halikuwa na ubovu wowote. Alilizima mwenyewe. Siri hiyo aliniambia mimi peke yangu, nami nimeitunza vizuri mpaka leo.

Asante mwanangu, umenipa cha kuringia sokoni. Sasa lala mpaka jua likuchome nyayo, uzeeke kwa raha, na wajukuu wakusukume wewe.

Nasikia wakubwa wa sasa nao wamenuniana, eti nani amkabidhi zawadi. Msihofu. Sherehe iko kituo cha juu, na atakayewapandisha ni yeye, kwa mara ya mwisho. Wakisoma hapa, basi watasukuma huku wanajua. Njooni nyote Jumamosi, na viatu visivyoteleza.