Neno Alilomwandikia Dobi

Benchi la nje ya karakana alilipiga msumari seremala mwenyewe kwa mabaki ya mbao, ndiyo maana hakuna anayethubutu kusema linayumba. Jioni hiyo mwenyewe, Randa kwa jina la kijiweni, alikuja amenuna. Dobi wa ng'ambo ya barabara alimrudishia koti likiwa limeungua mkono kwa pasi, naye kwa hasira akaandika kwenye ukurasa wa dobi mtandaoni: “Wameniunguzia koti. Wezi hawa.” Wenzake wa kijiweni wakajazia chini yake: “Hata mimi.” Hoteli iliyokuwa ikimpa dobi mashuka ikasoma, ikamwacha. Sasa wakili wa dobi amepiga simu: Randa aombe radhi hadharani, la sivyo wakutane mahakamani kwa kumchafulia mtu jina. Randa alikuja na koti mkononi, kutafuta mashahidi.

— Hawakupati, alisema Chaji, fundi simu. Uliotangaza ni mtandao. Wewe ulibonyeza tu.

— Kwa hiyo nikikurushia nyundo, mwenye kosa ni hewa?

— Hayo mengine, bwana.

Mahakama, aliyepata jina hilo kwa kuitwa shahidi mara moja kwenye kesi ya ukuta wa jirani, aliweka chini kikombe alichomiminiwa na muuza kahawa.

— Ungeanza na “nasikia”. Hapo sheria inamtafuta aliyesema, inazunguka mpaka inachoka.

— Au ungeweka kikatuni cha kucheka, Chaji akadakia. Utani haushtakiwi.

— Kwanza simu ilikuwa wapi? Mahakama akaongeza. Sema ilikuwa mfukoni, ikajiandika!

— Ikajiandika na nukta zake? Randa alifoka. Nimeandika mimi! Sijawahi kusema kitu nikakikana. Ninachotaka mje mseme na nyinyi. Si mliandika “hata mimi”?

— Tuko pamoja, kaka.

— Mpaka mwisho!

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, akisubiri kiti chake kitiwe mguu. Muda wote alikuwa akipuliza kahawa yake tu.

— Samahani, wanangu. Waliiba nini?

— Si nimesema, mama? Waliniunguzia koti.

— La kuunguza nimelielewa, na koti naliona. Nauliza waliiba nini.

Randa alilitazama koti. Akamgeukia Chaji.

— Wewe walikuibia nini?

— Mimi... nilikuwa nakupa nguvu tu.

— Mahakama?

— Nguo zangu anafua shemeji yako, unajua.

Randa aliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua mbao zilizoliwa na mchwa. Kisha akainuka bila kuaga, akavuka barabara kuelekea kwa dobi.

Chaji alitoa simu, kidole kikabaki hewani.

— Hivi nikifuta la kwangu, ile hoteli itamrudia?

Mahakama, mwenye jibu la kila kitu, alimnyooshea muuza kahawa kikombe. Birika lilikuwa tupu.