Mama Kahambu Aliyeshona Kesi Mbili kwa Uzi Mmoja

Kwa miaka thelathini na sita Mama Olive Kahambu ameandika maneno ya mahakama yetu, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anaweka kalamu chini. Mimi André, mulinzi wa mulango wa chumba cha hukumu, nimeombwa niandike hotuba hii ya kumuaga kwa sababu wenye diplome wanaogopa mahakimu. Mimi naogopa magoti yangu tu.

Alikuja mudogo kutoka Butembo na baba yake, dereva wa malori, akakulia Katuba, mutaa wa hapa mujini kwetu. Mwandiko wake nausoma hata mimi niliyeishia darasa la ine. Siku moja alimufukuza wakili ofisini kwa sababu ya viatu vyenye matope, mwenyewe akiwa amevaa kandambili.

Kwetu karatasi za kila kesi zinashonwa kwa sindano na uzi, zisipotee. Mwaka 2014 akaletwa Jephté, muchimbaji wa Kambove, kwa kubeba gunia moja la mawe ya shaba bila ruhusa. Mwendesha mashtaka akaomba miaka mitano. Majuma mawili kabla, Muzungu mumoja mwenye lori zima la mawe yale yale, kifungu kile kile cha sheria, alilipa faini akaenda kula chakula cha muchana. Wote tuliona. Wote tulinyamaza, na mimi nilinyamaza vizuri kuliko wote.

Mama Kahambu alishona. Hakimu Adalbert alipofungua kesi ya Jephté, akakuta ile ya Muzungu imeshonwa chini yake. Akamuuliza Mama mbele ya watu kama macho yake yamezeeka.

“Macho iko muzuri, Président,” akajibu. “Kosa iko moja, sheria iko moja. Nikasema labda hukumu nayo.”

Hakimu akasoma, akatoka nje, akarudi. Jephté, aliyekuwa amekwisha kaa gerezani miezi mine, akalala kwake siku ile.

Mama akaadhibiwa: miaka miwili katika chumba cha kesi za zamani. Wakubwa wetu, mubarikiwe! Ni kumuadhibu mbuzi kwa kumufungia katika shamba la maharagwe. Alitoka humo na kesi arobaini, amezishona mbili mbili: kosa moja, ngozi mbili, hukumu mbili. Wafungwa saba walisikilizwa tena.

Leo Jephté ametoka Kambove, ameketi mustari wa mbele kati ya mahakimu. Watu wa protokole, mumuache pale pale.

Mama Kahambu, aksanti kwa kutuhaibisha. Wengi wetu tulihitaji. Tunakuombea afya, siku nyingi, na majirani wasio na kesi.