Mandazi ya Kumi na Tano

Kwenye gari la Yamumbi niliketi nyuma ya Nanyama, yule anayekaanga mandazi karibu na kanisa letu. Alikuwa akimwambia mzee mmoja mwenye duka kwamba wiki jana, kwa sababu ya unga kupanda, alitoa bei ya mandazi shilingi kumi akaiweka kumi na tano. Alikuwa akiuza mandazi mia kwa siku, sasa ni arobaini.

“Kesho narudisha kumi,” akasema. “Na kwa kumi, huu unga utanimaliza. Nitaacha kukaanga.”

“Wiki moja tu, mama? Hiyo si kipimo. Nikiwa na duka Moiben nilipandisha sukari, watu wakapotea. Kumbe wako shambani wanavuna mahindi! Ngoja wiki tatu.”

“Mzee, sukari yako inangoja. Mandazi yangu ikilala inakuwa jiwe.”

“Basi kaanga chache, lakini bei usiguse. Ukigusa sasa, hutajua kama ni bei iliwafukuza ama ni kitu ingine.”

“Kitu gani ingine? Hata wamama wa kanisa wananipita wakiangalia chini!”

Nikainamisha kichwa. Wiki hiyo yote tulikuwa kwenye maombi ya kufunga, na Neno linakataza kufunga kwa kujionyesha, kwa hivyo hakuna aliyemweleza. Harufu ya karai lake ndiyo ilikuwa jaribu letu kubwa. Tulimaliza jana.

Gari likasimama Yamumbi wakiwa bado wanabishana. Tulipokuwa tukishuka, nikamgusa Nanyama bega.

“Kesho niwekee nne,” nikamwambia. “Za kumi na tano.”